Kununua Motokaa Iliyokwisha Tumika

Wengi wetu watumishi hununua motokaa kwa fedha za mkopo, na mshahara hukatwa kila mwezi hata gari likiwa limelala. Basi yatupasa kuangalia kabla ya kulipa. Hapa Tanga hewa ya bahari ina chumvi, nayo hula chuma. Rangi mpya huficha kutu. Yafaa kuingia uvunguni, tutazame chasisi, sakafu na paipu za breki. Kisha nambari ya chasisi ilinganishwe na kadi ya Mamlaka ya Mapato, na jina lililomo liwe la muuzaji mwenyewe. Fundi mkaguzi tumchague sisi, tumlipe sisi. Muuzaji akikataa ukaguzi, na tumwachie motokaa yake.