Jukwaa Lisilo na Kombe

Aghalabu tunapozungumza juu ya sanaa za vijana katika nchi zetu, mazungumzo huanza na kombe na huishia katika kombe: nani amelichukua, nani amedhulumiwa, na mwamuzi yupi alionekana akinywa chai na mwalimu wa shule fulani. Leo, kwa idhini ya msomaji, napenda kuleta habari za tamasha la vijana lililoanza London mwaka 1932, ambalo halikuanzishwa kwa ajili ya kombe wala halikumpanga mtu wa kwanza na wa mwisho, na ambalo, pamoja na hayo yote, limedumu kwa sura moja au nyingine kwa zaidi ya miaka tisini.

Jina lake ni Gang Show. Mwanzilishi wake, Ralph Reader, alizaliwa Crewkerne katika jimbo la Somerset, akafiwa na wazazi wake wawili angali mtoto, akalelewa na jamaa zake, akaingia Skauti, kisha akavuka bahari kwenda New York, ambako angali kijana alikwisha kujipatia sifa ya kuwapangia wachezaji dansi zao katika kumbi za Broadway. Mtu wa namna hiyo, arejeapo kwao na jina kubwa na ujuzi wenye bei, hutarajiwa atafute kumbi za fahari na waigizaji mashuhuri. Na Reader naye hakuacha kuzitafuta, maana mtu hali sifa. Lakini alitenga sehemu ya nguvu zake kwa vijana wa Skauti wa Holborn, ambao hawakuwa na senti ya kumlipa.

Sababu ya onyesho la kwanza ilikuwa ndogo na dhahiri. Kambi ya Skauti ya Downe, katika jimbo la Kent, ilihitaji bwawa la kuogelea, na fedha hazikuwapo. Reader akakusanya vijana wapatao 150, akawatungia nyimbo na vichekesho, na mwishoni mwa Oktoba wakapanda jukwaa la Scala Theatre. Onyesho lile liliitwa The Gang's All Here, na yasemekana jina hilo lilitokana na jibu la kijana mmoja aliyeulizwa katika mazoezi kama wenzake wote wamekwisha kufika. Katika karatasi ya ratiba jina la Reader halikuwamo. Mtunzi alitajwa kuwa ni Skauti mmoja wa Holborn, basi. Nazijua shughuli za kwetu ambazo jina la mkurugenzi huandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la mchezo wenyewe, na picha yake juu.

Msomaji aliyepata kukaa katika kumbi za Dar es Salaam miaka ya tisini, akatazama vikundi kama Muungano na TOT vikipitisha ngoma, taarabu, sarakasi, vichekesho na mchezo wa kuigiza katika usiku mmoja, hatapata taabu kuifahamu sura ya Gang Show, kwani ni mchanganyiko wa jinsi hiyo hiyo: wimbo, kisha kichekesho kifupi, kisha dansi ya watu wengi, kisha wimbo tena, bila kisa kimoja cha kuviunganisha. Tofauti ni kwamba wale walikuwa mabingwa waliokula kwa sanaa yao, na ushindani baina yao ulikuwa sehemu ya biashara, ilhali hawa ni wanafunzi na makarani na wanagenzi wa ufundi, waliokuja baada ya kazi au masomo na ambao baada ya usiku wa mwisho walirudi huko huko walikotoka. Hata hivyo mwaka 1937 walialikwa katika London Palladium kuchezea mbele ya Mfalme George wa Sita, heshima ambayo kabla yao haikuwa imepewa watu wa ridhaa, na mwaka huo huo filamu ikatengenezwa kwa jina la tamasha lao.

Wapenzi wa Gang Show hufurahi sana kusimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili Reader aliunda vikundi vya mfano wake ndani ya jeshi la anga la Uingereza, na kwamba humo walipita watu kama Peter Sellers na Tony Hancock kabla hawajajulikana. Ni kweli, lakini mimi orodha hiyo hainisisimui. Wale walikuwa watu wazima katika sare za jeshi, na huenda wangefika walikofika kwa njia nyingine. Wanaonishughulisha ni maelfu ya wasiojulikana, waliosimama safu ya tatu ya dansi msimu mmoja au miwili, wakajifunza kuingia jukwaani kwa wakati na kutoka bila kusukumana, kisha wakawa mafundi bomba.

Baden-Powell, mwasisi wa Skauti, ambaye watu wa Kenya wanalijua kaburi lake kule Nyeri, alikofia Januari 1941, asingeliona jambo hili kuwa geni. Tangu shuleni alipenda kuigiza, na hata wakati mji wa Mafeking ulipozingirwa na adui, yeye aliyekuwa kamanda wa walinzi wa mji alipanda jukwaani siku za Jumapili, bunduki ziliponyamaza, akawachekesha watu. Upuuzi, akiufanya mtu anayeheshimiwa tena kwa bidii, una manufaa ambayo waadhi hauna.

Sasa nirudi kwetu. Kenya imekuwa na tamasha la muziki tangu mwaka 1927, na tamasha la maigizo ya shule tangu 1959, na sithubutu kusema kwamba matamasha haya hayana fadhila, kwa sababu yametoa watunzi, waigizaji na walimu ambao bila hayo tusingekuwa nao. Lakini utaratibu wake ni wa ngazi: hushindana shule na shule za jirani, washindi wakapanda kwenda kushindana na wa mbali, hata wafike taifa, na katika kila ngazi wengi huachwa chini. Maadamu ngazi ipo, shule yenye mali huajiri mtunzi na mwelekezi kutoka nje, na mwalimu mwenye kutaka sifa humwondoa mtoto mwenye sauti ya kukwaruza tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Mtoto yule hatapanda jukwaa tena maisha yake yote, nasi twaita hayo malezi ya vipaji.

Asiniambie mtu kwamba nayachukia mashindano kwa kuwa ni ya kigeni. Watu wa pwani tumeyapenda kabla ya shule hizi. Babu zetu wa Mombasa, katika ngoma ya beni, waligawanyika Kingi na Scotchi, wakatumia kwa sare na karamu mali ambayo wengine hawakuwa nayo, ili tu upande wa pili uaibike. Hayo tunayajua kwa moyo. Tusilolijua ni hili la jukwaa lisilo na kombe, na ndiyo maana nalitaja.

Patakuwapo atakayeuliza: bila kombe, vijana watafanya bidii kwa ajili ya nini? Jibu limo katika kitambaa. Wachezaji wa Gang Show huvaa shingoni skafu nyekundu yenye herufi za dhahabu, na huko Uingereza skafu hiyo haivaliwi ovyo, kwa kuwa ni lazima onyesho litazamwe kwanza na wakaguzi na kuonekana limefikia kiwango. Kiwango, nasema, ambacho maonyesho kumi yaweza kukifikia kwa pamoja bila moja kulishusha jingine. Tena kuna hadhira iliyolipa kiingilio, na hiyo ni kali kuliko waamuzi watatu wenye kalamu.

Tamasha hili lilikuwa na kasoro zake. Kwa miaka mingi lilikuwa la wavulana peke yao, nao ndio waliovishwa magauni panapohitajika mwanamke, ingawa siku hizi wasichana wamo katika maonyesho mengi. Na lile la London lenyewe lilimtegemea mno mtu mmoja, hata alipopumzika Reader, likafungwa mwaka 1974, miaka minane kabla ya kufa kwake. Ilhali maonyesho ya miji mingine yaliyokuwa mikononi mwa kamati, kama lile la Melbourne nchini Australia lililoanza 1952, yaliendelea. Anayetaka kuiga na aanze na kamati.

Na kuiga kwenyewe si kuzito. Wakati wa likizo ya Desemba kumbi za shule huwa tupu. Skauti na Girl Guides tunao kila upande. Na vichekesho vijana wetu hawajapata kupungukiwa. Kila kaunti au wilaya na iandae mikesha miwili au mitatu, kila ajaye apewe nafasi hata kama ni ya kubeba meza kati ya kipande na kipande, na mapato yakusudiwe kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, tangi la maji au rafu za maktaba, kitajwe juu ya tikiti, na hesabu isomwe jukwaani usiku wa mwisho, mbele ya wote waliolipa. Kiingilio kiwe ambacho muuza maandazi wa langoni aweza kukimudu yeye na wanawe. Waamuzi wa tamasha la taifa nao waalikwe kwa taadhima zote, ila tikiti wanunue kama watu wengine.