Acheni Kumcheka Panda

Hii itawakera wasee wengi wa Tekken, lakini acha niiseme: huyo Panda unayemcheka kwenye skrini ya kuchagua wahusika anaweza kukuchapa raundi tatu mfululizo, na wewe hutajua umechapwa na nini.

Najua utajibu nini. Ati dubu ni wa mzaha, wa mtoto wa jirani aliyeomba padi dakika mbili. Hiyo ndiyo lugha ya vibanda vya gemu mtaani tangu enzi za Tekken 3 kwenye PlayStation ya kwanza, mwaka 1998. Ukimchukua Eddy Gordo unaambiwa unabonyeza ovyo. Ukimchukua dubu watu wanaangua kicheko kabla raundi haijaanza. (Dubu wako wawili, bwana. Mmoja ni Panda. Yule mwingine wa kahawia, jina lake kwa Kijapani maana yake ni "dubu" tu, lakini kwa Kiswahili mhariri hawezi kulichapisha. Litamke kwa sauti sebuleni uone kama mama hatakutoa nje na padi yako.) Katika Tekken 3, Panda hakuwa hata mhusika kamili, alikuwa kama vazi la pili la huyo mwenzake. Mpaka leo mapigo yao yanafanana.

Sasa sikiza mnyama huyu anavyofanya kazi.

Tekken ina vitufe vinne vya mapigo, kila kimoja na kiungo chake: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Panda anafuata sheria hiyo hiyo, ila mwili si wa binadamu. Mikono ni mirefu, kwa hivyo kucha zinakufikia pale ulipodhani uko salama. Miguu ni mifupi. Kiwiliwili ni kipana, na upana huo anaulipia. Akijaribu kukwepa kando, pigo ambalo lingemkosa mtu mwembamba linampata yeye. Kuna hata kombo ambazo zinawaingia dubu peke yao, kwa wahusika wengine zinapita hewani. Kwa hivyo sisemi Panda ni bora kuliko wote. Ana shida, tena za kweli.

Lakini mwache ashuke kwa miguu minne. Huo ndio mkao wake wa kuwinda. Mapigo ya juu, yale ambayo wengi wetu tunayategemea kuanzisha mashambulizi, mengi yanapita juu ya mgongo wake. Akiwa pale chini anaweza kukuviringikia, kukupiga miguuni au kukupiga katikati, na wewe umebaki kubahatisha. Ukijikinga umesimama, anakula miguu. Ukichuchumaa, anakuinua. Na ndiyo, ana pigo la kujamba. Cheka tu, lakini halijaacha kuwa pigo.

Kisha kuna hesabu. Gemu hii inakimbia fremu 60 kwa sekunde. Ngumi ya haraka kabisa kwa wahusika wengi inachukua fremu 10 kutoka, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Ukikinga pigo ambalo linamwacha mpinzani amechelewa fremu 10 au zaidi, umepewa adhabu ya bure. Kwa Jin au Kazuya unazijua hizo nafasi kwa sababu unakutana nao kila jioni. Kwa Panda? Unakinga, unajiuliza kama ni zamu yako, nafasi imeenda. Kidogo kidogo raundi imeisha.

Wenye kulalamika wanasema huo si uwezo, ni vile tu watu hawamjui. Sawa. Na nani amekukataza kumjua? Anayecheza Panda amelazimika kujifunza wahusika wote wengine ndio aishi. Wewe umeshindwa kujifunza mmoja, halafu unamwita mwenzako tapeli.

Desemba 2018, fainali za Tekken World Tour kule Amsterdam, gemu ikiwa Tekken 7. Mkorea anayeitwa Rangchu alileta Panda. Orodha nyingi za kupanga wahusika kwa ubora zilikuwa zimemweka Panda kule chini. Rangchu akafika fainali, akakutana na Qudans, bingwa wa 2017, akamshinda. Bingwa wa dunia, na dubu. Kama orodha zingekuwa ukweli mtupu, hiyo mechi isingetokea.

Na hizo orodha ndizo zinanikera kuliko kicheko. Tangu Tekken 8 itoke Januari 2024, kila sasisho likija naona vijana wanahama. Wiki hii mtu ameambiwa na kijana wa YouTube kwamba fulani ndiye mkali, anamhamia. Miezi miwili baadaye mhusika amepunguzwa makali, anahama tena. Wengine wanauziwa kando, kama Eddy safari hii, kwa hivyo kuhama kwenyewe ni pesa. Panda amekuja ndani ya gemu, hajakudai shilingi. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nimezoea kupangwa chini na watu ambao hawajaniona nikicheza. Labda ndiyo sababu jambo hili linanigusa.

Lakini si mimi peke yangu. Kuna kibanda hapa mtaani ambacho mashindano yake ya Jumamosi yana sheria: hakuna dubu. Sababu? "Anaharibu gemu." Kuna kijana wa sekondari anayecheza Panda tu, mikao yote anaijua kichwani. Alikuwa amelipa kiingilio. Akaambiwa abadilishe mhusika au aachie kiti. Akachukua begi lake akaenda. Waliobaki walicheza, mmoja akabeba pesa, na hakuna aliyejua kama angembeba huyo kijana.

Kwa hivyo, wewe unayeandaa mashindano, futa hiyo sheria wiki hii. Kama waliotengeneza gemu wamemweka, mtu aliyelipa ana haki ya kumchagua. Na wewe unayelia kwamba hukupigwa kihalali, Tekken 8 ina sehemu ya mazoezi. Mweke Panda upande wa pili, mrekodi akishuka kwa miguu minne, kisha umwache arudie mpaka uone ni pigo lipi linakupa nafasi na lipi halikupi. Nusu saa inatosha kuanza. Ukimaliza, mtafuteni yule kijana mumrudishie kiti chake.