Tusidanganyane Juu ya Nguvu za Farasi



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya malori yanayobeba mpunga kutoka hapa Namawala kwenda Ifakara. Kila mavuno nasikia madereva na matingo wakibishana chini ya mwembe: la huyu lina farasi 100, la yule farasi 120. Ukiwauliza farasi mmoja ni kiasi gani, wote kimya.

Jambo lenyewe si gumu. Chukua gunia la mpunga la kilo 75, ulinyanyue mita 1 kwa sekunde 1. Hiyo ndiyo nguvu ya farasi mmoja kwa kipimo cha Wajapani. Kipimo cha Waingereza, kilichotokana na James Watt, kinazidi kidogo tu.

Lakini namba nazo hudanganya. Huko Marekani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, injini nyingi zilipimwa zikiwa zimevuliwa feni na silensa. Tena namba ya kwenye karatasi ni ya injini mpya. Lori kuukuu limekwisha kuwapoteza farasi wengine njiani.

Sasa nifike kwenye kidonda. Lori la baba mdogo lilikuwa likichoka kila likipanda kilima na mzigo. Fundi mmoja akafungua skrubu ya pampu ili dizeli iingie kwa wingi. Siku za kwanza lilikwenda kama upepo, moshi mweusi ukiwafunika wapita njia, na fundi akasifiwa sana. Wiki ya tatu pistoni ikayeyuka. Fedha niliyoahidiwa ya kukaa bwenini ilikwenda huko, nami muhula huu natembea kwa miguu alfajiri.

Dizeli haiwaki bila hewa. Injini ya zamani isiyo na tabo huvuta hewa kiasi kilekile, hata ukiimwagia dizeli debe zima. Inayozidi hutoka moshi, na joto hupanda mpaka chuma kishindwe. Sikatai lori kuongezwa nguvu, ila tuanze na hewa. Vumbi la barabara yetu wakati wa kiangazi huziba kichujio, injini ikapumua kama mtu aliyejifunika blanketi. Kisafishwe au kibadilishwe. Nozeli zipimwe, tapeti zirekebishwe, breki zisishike gurudumu ovyo. Haya hayaleti farasi wapya, yanawarudisha waliopotea. Wengi hawayataki kwa kuwa hayana kishindo.

Wengine husema ati tope la masika lataka farasi wengi. Mimi naona lataka gea ya chini, matairi yenye meno, na dereva asiye na haraka.

Baba mdogo anasema najifanya mwalimu. Huenda. Lori sasa linatembea, ila polepole, na juzi fundi yuleyule alipita tena uani kwetu na bisibisi yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu