Bunduki ndani ya pikapu: Sheria iwe msumeno kwa wote

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nchini Marekani, ambako bunduki ni kitendea kazi cha kawaida mashambani, msumeno huo una kasoro mbili. Meno yake hubadilika kila gari linapovuka mpaka wa jimbo, na ukali wake hutegemea nani amekaa nyuma ya usukani.

Suala hili linaweza kuonekana kuwa la wanasiasa na wanaharakati wa mijini. Ukweli ni kwamba linamgusa mkulima moja kwa moja. Mfugaji wa kondoo au ng'ombe katika nchi hiyo hupoteza mifugo kwa coyote, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu anayeua kondoo na ndama wachanga. Ndiyo maana kwa miaka mingi bunduki ya mtutu mrefu imekuwa ikitundikwa nyuma ya kiti cha pikapu. Kwa mfugaji huyo bunduki ni sehemu ya gharama za uzalishaji, sawa na dawa ya kuogeshea mifugo au waya wa uzio.

Hakuna ubishi kwamba sheria inahitajika. Sheria nyingi za majimbo kuhusu bunduki ndefu ndani ya magari zilitokana na sheria za wanyamapori. Lengo lilikuwa kuwazuia watu wanaowinda kutoka barabarani, hasa usiku kwa kumulika kulungu kwa taa. Aidha, bunduki yenye risasi ndani ya gari linalorukaruka kwenye barabara ya vumbi inaweza kufyatuka na kuua. Iliyoachwa wazi kwenye gari nayo huibwa, ikaishia mikononi mwa wahalifu.

Tatizo ni jinsi sheria hizo zilivyotungwa na zinavyosimamiwa. Texas haimlazimishi mtu mzima mwenye haki ya kumiliki bunduki ndefu kuitoa risasi anapoibeba garini. Pennsylvania inakataza bunduki ndefu yenye risasi ndani ya gari, hata kwa mtu mwenye leseni inayomruhusu kubeba bastola yenye risasi. Wisconsin ilidai kwa miaka mingi kwamba bunduki ndefu iwe haina risasi na iwe ndani ya mfuko wake. Mwaka 2011 sharti la mfuko liliondolewa, la risasi likabaki.

Hata maana ya "bunduki yenye risasi" si moja. Kwa baadhi ya sheria, risasi inahesabiwa tu ikiwa tayari imeingia kwenye chemba. Kwa nyingine, magazini yenye risasi ikishachomekwa kwenye bunduki inatosha kumtia mtu hatiani. Mkulima aliyetoka nyumbani akiwa raia mwema anaweza kuwa mkosaji baada ya mwendo wa nusu saa, bila kugusa kitu chochote ndani ya gari lake.

Bunge la Marekani lilijaribu kutibu tatizo hili mwaka 1986, kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan. Sheria hiyo inamlinda anayesafiri kutoka jimbo analoruhusiwa kuwa na silaha kwenda jingine analoruhusiwa pia, mradi silaha haina risasi, na silaha pamoja na risasi zake viwe mahali ambapo mkono hauwezi kufika kirahisi. Gari likiwa halina sehemu iliyotengwa na ya dereva, silaha au risasi ziwekwe kwenye kasha lenye kufuli, na kisanduku cha dashibodi hakikubaliki. Ni wazi kwamba waliotunga walikuwa wakifikiria gari dogo lenye buti, wakati chombo cha mkulima ni pikapu.

Kinga yenyewe ni nyembamba. Mwaka 2005 msafiri mmoja wa ndege kutoka Utah, aliyekuwa na bastola ndani ya mzigo wake, alikosa ndege ya kuunganisha huko Newark, New Jersey. Alilala hotelini na mzigo wake, na asubuhi alipoitaja bastola hiyo uwanjani akakamatwa. Mashitaka yalifutwa baadaye, lakini mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilisema sheria ya 1986 haikumlinda, kwa kuwa usiku ule silaha ilikuwa mahali alipoweza kuifikia. Ikiwa mtu aliyejitaja mwenyewe yalimpata hayo, mkulima anayekutwa na bunduki nyuma ya kiti ana matumaini gani?

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1967 wanachama wa Black Panther huko Oakland, California, walikuwa wakifuata doria za polisi kwa magari, wakiwa na bunduki waziwazi, jambo ambalo sheria ya wakati huo iliruhusu. Mei mwaka huo kundi lao liliingia na silaha katika jengo la Bunge la Jimbo mjini Sacramento. Miezi michache baadaye sheria ya kukataza kubeba silaha zenye risasi hadharani, ikiwa ni pamoja na ndani ya magari, ilipita na kutiwa saini na Gavana wa jimbo. Gavana huyo alikuwa Ronald Reagan, yule yule aliyekuja kusaini sheria ya 1986. Kwa miaka mingi kabla ya hapo bunduki garini hazikuwa tatizo kubwa kwa wabunge. Zilikuwa tatizo walipozibeba watu weusi.

Hali hiyo haijaisha. Tangu mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani imekubali kwamba kosa dogo la barabarani linatosha kumpa polisi sababu ya kusimamisha gari, hata kama nia yake ni kutafuta jambo jingine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2020, uliochambua takriban matukio milioni 100 ya magari kusimamishwa, ulibaini kwamba madereva weusi na wale wa asili ya Amerika ya Kusini walipekuliwa kwa ushahidi mdogo kuliko weupe. Mwaka 2016 huko Minnesota, Philando Castile, aliyekuwa na kibali halali cha bastola, alimweleza askari kwamba ana silaha. Alipigwa risasi na kufa. Mwaka uliofuata askari huyo aliachiwa huru na mahakama.

Kwa lugha ya uchumi, sheria inayotekelezwa kwa upendeleo ni kodi isiyo na kiwango wala risiti. Anayepita salama kila siku haoni sababu ya kutii, na anayesimamishwa kila wiki hulipa kwa muda, wakili na hofu. Mwingine huamua kuiacha bunduki nyumbani na kupoteza kondoo. Watu hutii pale wanapokuwa na uhakika kwamba sheria itamgusa kila mmoja. Adhabu kali isiyo na uhakika huo haisaidii.

Mkulima wa Tanzania aliyesimama kwenye vizuizi vya ushuru na shehena ya mahindi anaielewa hoja hii bila kufundishwa. Mwaka 2017 Serikali ilipopunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5, ilifuta pia ushuru huo kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Uzuri wa kipimo cha tani moja ni kwamba mkulima anakijua kabla hajaondoka nyumbani, na mtu wa kizuizini hana nafasi ya kukitafsiri apendavyo. Sheria ya bunduki garini inahitaji kipimo cha namna hiyo.

Majimbo ya Marekani yanaweza kuanza na maana moja ya bunduki yenye risasi, na sharti moja la usafirishaji linaloendana na pikapu ya shambani. Asiyekuwa na nia mbaya aonywe kwa kosa la kwanza. Muhimu kuliko yote, kila polisi anayesimamisha gari aandike amemsimamisha nani na kwa nini, na kumbukumbu hizo ziwe wazi kwa umma. Bila hatua hiyo ya mwisho, hata sheria iliyoandikwa vizuri kabisa itaendelea kusomwa kwa namna moja kwa dereva huyu na kwa namna nyingine kwa yule.