"Nesi, mfanyie wewe": ombi linalomweka muuguzi wa Tarime njia panda

Tarime ina kalenda yake. Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, hasa mwaka unaogawanyika kwa mbili kama 2022 na 2024, msimu wa ukeketaji unaingia. Habari zinazotufika ni za ngariba, wazee wa mila, polisi, na wasichana wanaokimbilia nyumba salama kama Masanga au ile ya Mugumu kule Serengeti.

Kuna mtu mmoja tunamsahau: nesi wa zahanati ya kijiji.

Chukua mfano huu. Ni jioni, nesi ametoka zamu. Anabisha hodi mama anayemfahamu vizuri, ndiye anayemuuzia ndizi sokoni. Hajaja na mgonjwa.

"Sista, nina shida ndogo. Binti yetu anatakiwa msimu huu. Baba yake hataki kusikia kitu kingine, lakini mimi naogopa wembe wa ngariba. Wewe una glavu, una ganzi, damu unaijua. Mfanyie kidogo tu, wazee waridhike, mtoto asiumie."

Kila nesi amezoea maombi ya ajabu. Kuna anayetaka kuruka foleni. Kuna anayelazimisha sindano wakati vidonge vinatosha. Hayo yanachosha, lakini yanakwisha siku hiyohiyo. Hili la mama wa ndizi ni zito zaidi, kwa sababu limekuja likiwa na sura ya huruma.

Sura tofauti, ombi moja

Ombi hili linaweza kuja kwa njia nyingi. Wapo watakaosema, "Basi usifanye wewe, tupe glavu na dawa ya ganzi, mengine tuachie." Wapo watakaomleta binti achomwe sindano ya pepopunda mapema, bila kusema ya nini. Mama mkwe anaweza kumnong'oneza mkunga chumba cha kujifungulia: mkamwana wetu aliolewa bila kukeketwa, si umalizie hapohapo?

Na lipo la usiku wa manane, lililo gumu kuliko yote. Binti ameletwa kwenye pikipiki, damu haikatiki, na ndugu wanasema: "Mtibu, ila usiandike."

Kwa nini wanaenda kwa nesi?

Jibu moja linauma kidogo: sehemu ya kosa ni yetu sisi tuliopiga kampeni.

Kwa miaka mingi tumewaambia wazazi kwamba wembe mmoja kwa wasichana wengi unaleta maambukizi na kwamba wapo wanaovuja damu hadi kufa. Yote ni kweli. Lakini mzazi akisikia tatizo ni wembe mchafu, atatafuta wembe safi. Akisikia tatizo ni ngariba asiyejua kuzuia damu, atamtafuta anayejua. Tulizungumzia zaidi uchafu wa kisu, tukaongea kidogo kuhusu kile kinachokatwa.

Jibu la pili ni shinikizo. Msichana asiyekeketwa anaitwa msagane, na jina hilo linamfuata mpaka kwenye ndoa yake. Uamuzi wa koo kuingia msimu uko mikononi mwa wazee wa mila. Mzazi mmoja mmoja anaweza kuwa ameshachoka na mila hii, lakini hana ubavu wa kusimama peke yake. Kwa hiyo anatafuta njia ya katikati, na njia hiyo inapita kwa nesi.

Takwimu zinaonyesha mabadiliko yapo ila ni ya polepole. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani Mara wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 28, wakati wastani wa taifa ni asilimia 8. Hapa Tanzania ngariba ndiye bado anayefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Duniani picha imebadilika: mwaka 2020 UNICEF ilikadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya wanne waliokeketwa, kama milioni 52, alikatwa na mtu wa afya.

"Kwa nesi ni salama." Kweli?

Ganzi inapunguza maumivu ya siku hiyo. Hairudishi kilichokatwa.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 28,000 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliokeketwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kujifungua kwa upasuaji na kuvuja damu nyingi. Hatari ya mtoto kufa wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye iliongezeka kwa asilimia 15 hadi 55, kulingana na ukubwa wa ukeketaji. Kovu ndilo linaloleta taabu miaka kumi baadaye, na kovu halijui kama aliyeshika kisu alikuwa na cheti.

Hata siku yenyewe haina uhakika. Nchini Misri, ambako kazi hii ilihamia kwa madaktari kwa kiasi kikubwa, binti wa miaka 13, Soheir al-Batea, alifariki Juni 2013 baada ya kukeketwa na daktari kliniki. Daktari huyo, Raslan Fadl, alitiwa hatiani Januari 2015.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na fidia kwa aliyekatwa. Nesi atakayekubali ombi anaweka rehani uhuru wake na leseni yake.

Lakini kuna mwanya. Kifungu hicho kinamlinda aliye chini ya miaka 18. Yule mkamwana wa miaka 22 aliyeko kitanda cha kujifungulia hatajwi. Ukivuka mpaka wa Sirari kuingia Kuria upande wa Kenya, sheria ya 2011 inakataza ukeketaji kwa umri wowote, na ridhaa si utetezi. Daktari Tatu Kamau alikwenda mahakamani kutaka mwanamke mtu mzima aachiwe achague mwenyewe. Mahakama Kuu ya Kenya ilitupa ombi lake Machi 2021. Wabunge wetu wana somo la kujifunza hapo jirani tu.

Hapana ya mtu mmoja haitoshi

Rahisi kusema "nesi akatae tu". Nesi huyo anaishi kijijini hapo. Watoto wake wanasoma na watoto wa hao hao wanaomwomba. Usiku yuko zamu peke yake. Akikataa ataitwa msaliti, na akiripoti, kesho kijiji kizima kitajua nani kasema.

Kuna hofu nyingine, na ni ya haki: watu wakiona zahanati ni tawi la polisi, binti anayevuja damu atafichwa ndani mpaka iwe too late, yaani aletwe akiwa amekwisha. Kwa hiyo kwanza ni kutibu. Kila wakati, bila masharti. Kuandika kunafuata, na kuandika ukweli.

Kinachohitajika ni hapana ya kituo kizima. Kabla ya Novemba, tangazo libandikwe ukutani lenye mhuri: hapa hatukeketi, hatutoi vifaa, na kila jeraha linaandikwa. Liwe limepitishwa na kamati ya afya ya kituo, ambayo ina wanakijiji ndani yake. Zamu za usiku za msimu ziwe na watu wawili. Taarifa ziende kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kwa jina la kituo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aripoti, na namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure.

Hapo nesi ataweza kumjibu mama wa ndizi bila kugombana naye: "Mama, siyo mimi, ni kituo. Ila kaa kwanza tuongee, na baba yake aje."

Na wewe unayesoma hapa, ambaye huenda una shangazi au mjomba anayepanga kwenda kubisha hodi kwa nesi, mwambie ukweli huu mapema. Nesi akikataa hajawadharau. Ndiye atakayempokea binti huyo leba miaka ijayo, na anajua atakutana na nini.