Afande, tuonyeshe karatasi



Kura ni tarehe 10 Agosti 2027, na wanaotaka viti hawangoji kipenga cha IEBC. Leo tunataka kumzungumzia mgombea wa aina moja tu: mwanajeshi mstaafu, au yule anayejiita hivyo. Utamjua kwa bango. Kapiga saluti, jina limetanguliwa na "Meja" au "Kanali", na chini imeandikwa kwamba yeye ni mtu wa nidhamu na atayamaliza magenge ya mapanga.

Hatuna ugomvi na wanajeshi. Watu wa Mtongwe wanaishi ubavuni mwa kambi ya wanamaji, na wastaafu wengi ni majirani wema. Katiba nayo haiwakatazi kugombea. Meja Marsden Madoka wa Taita alikuwa mpambe wa Mzee Kenyatta, baadaye akawa mbunge wa Mwatate na waziri. Meja Jenerali Joseph Nkaissery alitoka jeshini akaingia bungeni mwaka 2002 kwa kiti cha Kajiado ya Kati. Shida yetu ni bidhaa wanayokuuzia.

Anza na hilo la mapanga. Fungua Katiba, kifungu cha 245: hakuna mtu anayeruhusiwa kumwamuru Inspekta Jenerali wa Polisi amchunguze nani au amkamate nani. Hata waziri haruhusiwi. Sasa mbunge wako atawatuma askari gani? MCA ndiyo usiseme, maana polisi si kazi ya kaunti kabisa. Pesa za NG-CDF zinaweza kujenga kituo cha polisi au ofisi ya chifu. Bungeni anaweza kutunga sheria, kupitisha bajeti na kumhoji waziri. Hiyo ni kazi ya maana sana, lakini haihitaji saluti, na yeye anajua hivyo.

Tena ukisikia "nitamaliza" kutoka kwa mtu wa bunduki, uliza nani atakayemalizwa. Hapa Mombasa kuna akina mama ambao mpaka leo wanawatafuta watoto wao waliochukuliwa na watu wasiojitambulisha. Huyo Nkaissery alipokuwa waziri wa usalama, Wapokot walikuwa bado wanalikumbuka jina lake kwa Operesheni Nyundo ya mwaka 1984. Mambo kama hayo hayaandikwi kwenye bango.

La pili ni "nilipigana Somalia". Huenda ni kweli. KDF waliingia huko Oktoba 2011 na wako vijana wa Kenya waliokufa huko. Lakini angalia: kambi ya El Adde ilivamiwa tarehe 15 Januari 2016, na serikali haikuwahi kuwatangazia Wakenya idadi kamili ya askari waliouawa. Kama wafu wenyewe walifichwa hesabu, wewe utajuaje aliye hai alikuwa wapi siku hiyo? Kuna na swali la alivyotoka. Alistaafu, alijiuzulu au alifukuzwa? Baada ya Westgate mwaka 2013, jeshi lenyewe lilisema wanajeshi wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa wizi dukani mle. Hao nao, ukitaka, ni "waliokuwa wanajeshi".

Na cheo mtu anaweza kujipa. Wazee wenu wenye jamaa Unguja na Pemba wanamkumbuka John Okello, aliyejitangaza redioni Januari 1964 kuwa "Field Marshal". Jeshi gani lilimpandisha? Watu walitetemeka kwanza, maswali yakaja baadaye.

Ati mwanajeshi hadanganyi! Museveni alitoka msituni na bunduki, na mwaka 2001 aliomba kura akisema muhula ule ndio wake wa mwisho. 2005 bunge likaondoa kikomo cha mihula, 2017 likaondoa kikomo cha umri, na 2021 alikuwa kwenye karatasi ya kura tena.

Lakini linalotuuma zaidi ni la tatu: "Nichagueni, nitawaingiza jeshini." Hili linamlenga kijana asiye na kazi, na huambiwa chemba, mara nyingi pamoja na "kitu kidogo cha kuwaona wakubwa". Kuandikishwa KDF ni bure. Jeshi hurudia onyo hilo kila msimu, na kila msimu kuna vijana wanaofika Eldoret na barua bandia wakaishia mikononi mwa polisi. Mama kauza dhahabu yake, mtoto kawa mshtakiwa. Mstaafu hana nafasi za kugawa. Akikwambia anazo, ama anakudanganya wewe ama anakuhusisha na hongo.

Likoni inajua bei ya ahadi za namna hii. Mwaka 1997 vijana waliapishwa, wakafunzwa msituni Kaya Bombo na kuambiwa wabara wakiondoka kazi na ardhi ni zao. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa na bunduki zikaibwa. Waliouawa katika vurugu zile walipita 100, na watu kama laki moja walihama makwao. Uchaguzi ukafanyika Desemba. Viti vilipata wenyewe. Wale vijana walipata msako, kipigo na seli, na majirani zao wa bara walipata makaburi.

Kwa hivyo afande akija barazani kwenu, mkaribisheni, mpeni kahawa, kisha muulizeni kwa adabu: kikosi gani, cheo gani, mwaka gani ulitoka, na cheti cha kutoka kiko wapi? Akisema hizo ni siri za jeshi, mwonyesheni lile bango lake.