Kamera mkononi, siri mlangoni: Simu za kisasa zaitia faragha ya Lamu mtihanini

NYUMBA ya mawe katika Mji wa Kale wa Lamu haimfungulii kila mpita njia siri zake. Mgeni huanzia dakani, penye baraza za kukalia. Akiruhusiwa kuingia hupita tekani, na njia hupinda kabla ya kumfikisha kiwandani, ule ua wa ndani ulio wazi kwa juu. Hata mlango wa nje ukiachwa wazi kutwa nzima, anayepita kichochoroni akiswaga punda wake haoni ila ukuta. Baada ya kiwanda ziko misana, na nyuma ya misana ndiko ndani hasa, mahali pa wenyewe.

Mpango huo haukuwa pambo. Baadhi ya nyumba ziliunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, ili wanawake wapitane kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kushuka njiani. Katika karne ya 19, mabibi wa koo kubwa walipolazimika kutoka nje walitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa. Buibui lilikuja baadaye. Shirika la UNESCO lilipouorodhesha mji huo miongoni mwa Turathi za Dunia mnamo 2001, lilikuwa pia linahifadhi fikra moja kongwe: kwamba mwenye nyumba ndiye anayeamua nani aone nini.

Leo fikra hiyo imepata mpinzani anayetoshea katika mkoba wa mkononi. Ni simu yenye kamera.

Hakuna haja ya kuibeza simu hiyo. Wapenzi wa vifaa vya kisasa wana kila sababu ya kuistaajabia. Simu ya kampuni ya Sharp iliyouzwa Japani mwaka 2000, miongoni mwa za kwanza duniani kuwa na kamera, ilinasa picha ya nukta 110,000 tu. Mwaka 2023, Samsung iliuza simu ya Galaxy S23 Ultra yenye kamera ya nukta milioni 200. Hata simu za bei nafuu, kama zile za Tecno, Infinix na itel zilizoenea nchini, hutoa picha ambazo mpiga picha wa studio wa miaka ya 1990 angezionea wivu. Kijana wa Matondoni, Faza au Kizingitini sasa anaweza kurekodi mashindano ya mashua, ngoma ya babu yake au ustadi wa fundi wa jahazi bila ya kumwomba mtu kifaa.

Lakini wauzaji wa simu humwambia mnunuzi jambo moja tu, nalo ni jinsi picha itakavyokuwa safi. Katika visiwa vya Lamu swali lililo zito zaidi ni jingine: picha hiyo ikishapigwa, huenda wapi?

Kutoka ukanda hadi kadi

Hakuna mahali swali hilo linapouma kama katika harusi. Siku ya bi harusi kutolewa nje, hafla huwa ya wanawake watupu. Mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, dhahabu na hina huonekana, na bi harusi hukalishwa ili watu wamtazame na kumsifu. Watazamaji ni wengi, lakini wote wanajulikana: ni mama, shangazi, mashoga na majirani. Uhuru wa ukumbi huo unategemea ahadi moja isiyoandikwa, kwamba yaliyomo hayatoki.

Kamera haikuingia ukumbini jana. Zamani za ukanda wa filamu, mpiga picha alikuwa na picha 36, kisha ukanda ulipelekwa studio kusafishwa. Hapo ndipo palipokuwa na shaka, kwa kuwa msafishaji, aghalabu mwanamume asiyehusiana na familia, aliziona picha zote kabla ya bi harusi mwenyewe. Kamera ya dijitali ilipowasili ilionekana kuwa ukombozi. Msafishaji aliondoka. Mwanamke aliweza kupiga picha, akazitazama papo hapo, akafuta asizozitaka, na kumkabidhi bi harusi kadi ya kumbukumbu bila ya jicho la tatu.

Faraja hiyo haikudumu. Simu yenye intaneti imemrudisha msafishaji wa picha kwa umbo jingine, na safari hii hajulikani jina wala makao. Badala ya kamera moja ukumbini sasa kuna kamera nyingi kama walivyo wageni. Na kila moja ina njia zake za kutolea picha nje, nyingine zikifanya kazi bila ya mwenye simu kujua.

Ifikiriwe safari ya picha moja tu. Mgeni anampiga bi harusi picha kwa nia njema. Ikiwa simu yake imewashwa huduma ya kuhifadhi nakala mtandaoni, picha hupakiwa yenyewe pindi simu inapopata mtandao. Akimtumia dada yake aliye Mombasa kwa WhatsApp, simu ya dada huenda ikaiweka moja kwa moja katika albamu yake, pamoja na picha za kazini na za watoto. Dada anaituma katika kundi la jamaa lenye watu 80. Kufikia hapo, kuifuta katika simu ya kwanza hakusaidii kitu. Tangu Agosti 2021 WhatsApp imekuwa na namna ya kutuma picha inayotazamwa mara moja tu, lakini mpokeaji mwenye simu ya pili anaweza kukipiga picha kioo cha ile ya kwanza.

Kuna na mlango mwingine ambao watu wa visiwani wanapaswa kuufikiria zaidi ya wengine. Chumvi ni adui wa simu. Alama za kuzuia maji zinazotajwa katika matangazo, kama IP67 na IP68, hutokana na vipimo vya maji baridi, si maji ya bahari. Simu ikirushiwa maji botini baina ya Mokowe na Lamu, au ikaachwa miezi katika upepo wa pwani, tundu la kuchajia hushika kutu na simu huishia kwa fundi. Mteja humpa fundi simu pamoja na nambari ya siri ili aijaribu. Mafundi wengi ni waaminifu. Hata hivyo, kwa mteja asiyefikiri, picha za harusi ya mpwa wake zimekabidhiwa mtu ambaye familia isingemruhusu kuvuka daka.

Hata kiwanda, ule ua wa wazi ambao zamani ndege tu waliuona kutoka juu, hauko salama. Droni ndogo zinazopendwa na watalii na watengenezaji wa video zinaona kinachofanyika ndani ya kuta. Hapa angalau sheria iko wazi: Kanuni za Ndege Zisizo na Rubani za 2020 zinataka droni isajiliwe na irushwe kwa idhini ya mamlaka ya safari za ndege, na katika kaunti yenye historia ya mashambulizi ya kigaidi jambo hilo halichukuliwi kwa mzaha.

Sheria inafika wapi?

Wapo wanaosema kwamba sheria inatosha. Ni kweli kwamba Kenya haiko mikono mitupu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitambua picha ya mtu kuwa data yake. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya ruhusa ya wazazi.

Faini hizo zilikuwa onyo kwa wafanyabiashara, na zinamhusu moja kwa moja mpiga picha wa kulipwa. Akichukua picha za harusi akazitia katika ukurasa wake ili kujitafutia wateja bila ya idhini, anajua kinachoweza kumpata.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo hiyo haigusi shughuli ambazo mtu huzifanya kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani tu. Shangazi anayepiga picha kwa simu yake ukumbini si kampuni. Hoja inaweza kujengwa kuwa picha ikishatupwa hadharani haiwi tena ya nyumbani, lakini huo ni mjadala wa mawakili.

Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2018 nayo inamwadhibu anayesambaza picha chafu au za siri za mwili wa mtu, kwa faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Hapa tena bi harusi wa Lamu anabaki pembeni. Picha yake si chafu. Amevaa vizuri, amepambwa, anatabasamu. Mbele ya hakimu ni picha nzuri ya harusi, ilhali mbele ya familia yake ni ahadi iliyovunjwa. Sheria za nchi hazina kipimo cha aibu ya aina hiyo, na huenda hazitakuwa nacho karibuni.

Ujio wa akili unde umeongeza uzito. Programu za sasa huzipanga picha kwa kuzitambua nyuso, na nyingine zinaweza kuuchukua uso katika picha ya heshima zikauweka katika picha ya fedheha. Uso wa bi harusi uliovuja mwaka 2010 ungeishia katika simu chache. Ukivuja leo, unaweza kutumika kwa namna ambayo mpigaji hakuiwazia.

Mfano wa Riyadha

Je, dawa ni kuzikataa kamera? Historia ya karibuni ya Lamu yenyewe inajibu la. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, miswada ya Kiarabu ya Msikiti wa Riyadha, kituo cha elimu kinachohusishwa na Habib Saleh, ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini. Karatasi ambazo unyevu na wadudu walikuwa wakizila zikapata nakala. Kamera iliyo katika mikono inayojulikana iliokoa turathi.

Tofauti kati ya kazi hiyo na simu za ukumbini haipo katika ubora wa kifaa. Ipo katika mambo matatu: wenye miswada waliridhia, mpigaji alijulikana, na ilifahamika picha zitahifadhiwa wapi na kwa ajili gani. Hata hivyo, Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wahalifu wa mitandao na huduma zake zikavurugika kwa miezi mingi. Ikiwa taasisi kubwa kama hiyo huvamiwa, akaunti ya mgeni wa harusi yenye nambari ya siri ya tarehe ya kuzaliwa ina ngome gani?

Mambo hayo matatu yanaweza kuhamishiwa harusini. Katika baadhi ya harusi za Pwani simu hukusanywa mlangoni, na desturi hiyo isichukuliwe kuwa ushamba. Ni daka la kisasa. Wenye harusi wanaweza kumteua mpiga picha mmoja mwanamke, wakaandikiana naye kabla ya siku kwamba kadi ya kumbukumbu itabaki kwa familia na hakuna picha itakayotumika kwa tangazo bila ya idhini ya bi harusi. Kwa wasiotaka kukusanya simu, yafaa itangazwe wakati maalumu wa kupiga picha, wageni wakiwa wamejistiri, kisha simu zirudi mkobani. Na anayepeleka simu kwa fundi aondoe picha kwanza, au aketi hapo hadi kazi iishe.

Yafaa pia kukiri kwamba si kila mwanamke anataka kufichwa. Wapo mabinti wanaopenda picha zao zionekane, na wapo wapakaji hina waliojenga biashara mtandaoni kwa kuonyesha mikono tu ya wateja wao, bila ya nyuso. Hawa hawavunji mila. Wanaonyesha kwamba faragha si kukataa kamera, bali ni mwenye sura kuwa na neno la mwisho. Mkosaji ni yule anayemwamulia mwenzake, awe mume anayemkataza asiulizwe au shoga anayesambaza asiombwe.

Matoleo mapya ya simu yataendelea kuja kila mwaka, kila moja likiahidi jicho kali kuliko la jana, na watu wa Lamu watayanunua kama wanavyoyanunua wengine. Haina ubaya. Ila anayeingia dukani kuuliza nukta milioni ngapi, aulize pia namna ya kuizuia simu hiyo isipakie picha yenyewe. Na anayealikwa harusini akumbuke kwamba amevuka daka kwa kuaminiwa. Picha ni kama maji: ikimwagika haizoleki.